Chuo Kisichokuwa na Mtihani

Tangu Pierre Vellas alipokiasisi Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu mjini Toulouse mwaka 1973, na Waingereza wakaja kukipokea mwaka 1982 kwa sharti lao wenyewe kwamba pasiwe na mtihani wala shahada, bali wanachama wasomeshane wao kwa wao, wazee wa Uingereza wamepata mahali pa kutafuta ilimu bila ya hofu ya kuanguka. Lakini atakayeisoma taarifa ya mwezi ya jumuiya za chuo hiki aghalabu atadhani ilimu ni kitoweo tu, na chakula chenyewe ni chai. Kwani darasa la falaki hutajwa kwa mstari mmoja, ilhali nani ataleta keki, nani anao ufunguo wa ukumbi, na kwa nini viti havikurudishwa mahali pake, hayo huelezwa kwa tafsili ambayo maulamaa wangeihusudu. Wadhifa wa ukatibu, usiokuwa na mshahara, haupati mgombea. Na huyo anayeushika sasa, maskini, mkono aliuinua mkutanoni kutaka dirisha lifungwe.