Viungo Kumi vya Mkasa, Kuanzia Senene Hadi Asante

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Hauna mpira wala runinga. Watu wanazunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa: huyu mchawi, yule mwizi, yule mpiga upanga. Jambo likiwa gumu wanarusha dadu yenye pande 20. Dadu ikikataa, shujaa anatumbukia mtoni na mizigo yake yote.

Mchezo huo umezaa mashindano ya kuandika mikasa. Mwandishi anapewa viungo vichache visivyojuana, tuseme sufuria, mjane na radi, pamoja na muda mfupi wa kuhangaika. Vyote lazima viingie. Mwamuzi naye anapita kiungo kimoja kimoja akiuliza: hiki kinabeba nini? Kama unaweza kukichomoa na mkasa ukaendelea kusimama, basi kiliwekwa kama ua la plastiki mezani, na alama zinakwenda na maji.

Sasa tuseme mashindano hayo yamefika Buhembe, hapa Bukoba mjini, na waamuzi ni wawili: mimi na shangazi yangu wa Muleba. Shangazi hajawahi kushika dadu ya pande 20, ila harusini hakuna mpishi asiyemwogopa. Nilipomweleza kanuni alicheka.

"Mwanangu, hiyo nayo ni ya kwenda kusomea? Ukitoa kitu chunguni na chakula kikabaki vilevile, kilifuata nini chunguni?"

Kwa sheria hiyo ya chungu tumepanga viungo kumi vya mkoa wetu wa Kagera, kuanzia kinachotuchosha hadi kinachotunyamazisha. Alama ni kati ya 20, kwa heshima ya dadu.

10. Senene

Tunajua. Kila mshiriki atamleta senene, yule panzi wetu wa kuliwa, na kila mshiriki atamweka kwenye sahani, shujaa atafune kidogo ili msomaji ajue tuko Bukoba. Hicho ni kiungo cha kupigia picha.

Mwangalieni vizuri. Novemba ikifika, watu wanawasha taa kali usiku, wanaegesha mabati, chini wanaweka mapipa. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza, anaishia pipani. Sasa hapo pana mkasa: kijiji kizima kimewasha taa ili kivune, na mwanga unaonekana mbali katika Ziwa Victoria. Nani mwingine anafuata mwanga?

Alama: 9. Shangazi alitaka kutoa 15, ila alikuwa anatafuna.

9. Nshomile

Maana yake kwa Kihaya ni "nimesoma", na Tanzania nzima imetubandika sisi Wahaya jina hilo. Hatukulikataa. Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera, alifanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi, na tangu hapo kutuambia tujishushe ni kazi bure.

Kama shujaa, nshomile ana kasoro moja tamu: hawezi kusema "sijui". Zimwi likimtegea kitendawili mlangoni mwa pango, mtu wa kawaida angeshindwa, akatoa mji, akapita. Nshomile hatoi mji. Atabuni jibu, atalitetea kwa Kiingereza, na zimwi litaomba radhi au litammeza.

Alama: 10. Zingekuwa 11, ila aliomba karatasi zisahihishwe upya.

8. Mtumbwi wa rubisi

Mikasa ya Wazungu ina ugonjwa wa kuanzia baa. Mgeni mwenye kofia amekaa pembeni, ana ramani. Kwetu aanzie kwenye rubisi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, inayokandwa na kuchachushwa ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi.

Umelisikia neno mtumbwi? Mwandishi mvivu atawanywesha mashujaa na kuwaondoa. Mwandishi mwenye akili atakumbuka kwamba ziwa liko karibu, adui yuko nyuma, na chombo pekee kilichopo bado kina pombe ndani. Kuna mtu lazima aimalize haraka.

Alama: 12. Wa kujitolea wamejaa mpaka nje.

7. Kisiwa cha Musira

Ukisimama ufukweni Bukoba unakiona kimekaa mbele yako kama mtu anayesikiliza maneno ya watu. Kina miamba na mapango, na husimuliwa kwamba zamani kilikuwa mahali pa kutupia wahalifu. Pango, kifungo, maji pande zote: msanifu wa mikasa angelipwa kubuni mahali hapo, nasi tumepewa bure.

Tatizo ni ukaribu. Kisiwa cha kutisha hakitishi kikionekana na muuza samaki wa sokoni. Kwa hiyo mwandishi autumie ukaribu wenyewe: mfungwa anauona moshi wa jikoni kwao kila jioni, na hawezi kwenda kula.

Neno moja bila mzaha. Ziwa hili liliimeza meli ya abiria ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Hicho si kiungo, na atakayekitupia dadu asitegemee alama kwetu.

Alama za Musira: 13.

6. Sangara

Mnatafuta joka? Tunalo, tena tunaliuza kwa kilo. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akakuta maji yamejaa furu, samaki wadogo wa aina mamia. Akawala. Aina nyingi za furu zimetoweka, na yeye anaweza kufikia kilo 200.

Uzuri wa kiungo hiki ni kwamba zimwi limeletwa na watu, kwa nia njema, halafu likawapa riziki. Ukiliua, viwanda vya minofu vinafungwa. Ukiliacha, linamaliza kila kitu, kisha linaanza kula watoto wake, jambo ambalo sangara kweli hulifanya. Shujaa mwenye upanga atasaidia nini hapo? Hiyo ndiyo mikasa ninayoipenda: upanga upo, pa kuupeleka hapajulikani.

Shangazi: "Na mimi nauliza, kichwa chake mnampa nani?"

Alama: 14. Kichwa amechukua shangazi.

5. Buni ya kutafuna

Wengine wanakunywa kahawa. Sisi tunaitafuna pia. Buni inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa, na mgeni anapokelewa nayo kabla hajaeleza shida yake. Zamani ilikuwa na kazi nzito zaidi: katika kuchanjiana udugu, damu ya kila mmoja ilipakwa kwenye buni na mwenzake akaitafuna. Tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja. Ukitaka picha ya undugu wa hiari, hutapata iliyo fupi kuliko hiyo.

Mchezoni, mashujaa wanne wasiojuana hukutana na papo hapo wanakubali kufa pamoja, bila sababu. Buni inatoa sababu. Na inatoa mtego: mmoja ameitafuna kikweli, mwingine ameificha shavuni. Mwandishi asituambie ni nani mpaka ukurasa wa mwisho.

Alama: 15. Tafadhali fungua mdomo tuone.

4. Nanga

Hii si ya meli. Ni zeze la Wahaya, ubao uliochongwa ukapitishiwa uzi huku na huku, na mpigaji wake huimba habari za wafalme, wawindaji na miungu kwa muda mrefu kuliko harusi ya siku hizi. Mwaka 1983 Profesa M. M. Mulokozi aliandika makala akiuliza kama waimbaji hawa wa nanga ni watunzi wa tendi. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana iwapo Afrika ina tendi. Wapiga nanga hawakuhudhuria ubishi, walikuwa kazini.

Katika Dungeons & Dragons yupo shujaa mwimbaji, na wachezaji humcheka: wenzake wanapigana, yeye anapiga gitaa. Huku kwetu mwimbaji ndiye anayeamua nani alikuwa shujaa. Hebu fikiria mkasa ambamo mmeshinda vita, mmerudi, na mpiga nanga hawapendi.

Alama: 16. Tulitaka kutoa 15 lakini tukaogopa kuimbwa.

3. Ngoma ya Rumanyika

Waingereza wana upanga uliokwama kwenye jiwe, wanautengenezea filamu kila kizazi. Ufalme wetu wa Karagwe ulikuwa na ngoma. Mzungu John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika Novemba 1861, akasimuliwa jinsi ndugu walivyogombea kiti. Iliwekwa chini ngoma ndogo, nyepesi, yenye dawa ndani. Wengine walijaribu kuinyanyua wakashindwa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo.

Kuna mwandishi atakayeigeuza ngoma hii kuwa silaha: igonge, adui aanguke. Huyo apewe maji akapumzike. Nguvu yake haiko kwenye mlio, iko kwenye uzito. Mpe shujaa ngoma aibebe safari nzima, na kila anapodanganya iongezeke kilo moja. Hatuhitaji mwamuzi wala polisi, tutamwona anavyotembea.

Shangazi: "Iletwe kwenye vikao vya harusi, mweka hazina aibebe."

Alama: 17.

2. Mnara wa chuma wa Rugomora Mahe

Hapa nilitaka kutoa nafasi ya kwanza, shangazi akanikatalia. Masimulizi yanasema Mfalme Rugomora Mahe, ambaye ikulu yake ilikuwa Katuruka, karibu na Maruku, alitaka kujua mbinguni kukoje. Akaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kumfikisha. Mnara ukaanguka. Pale Katuruka palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, na wazee walishikilia kwamba chini yake ndipo chuma kilipofuliwa.

Ungedhani ni hadithi ya kulaza watoto. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya ufuaji chuma ya kale kuliko Rugomora mwenyewe kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu wa eneo hili walikuwa na tanuri za ustadi mkubwa, zilizopasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa.

Mshiriki, unaelewa umepewa nini? Hadithi ambayo yenyewe ni ramani. Shujaa wako hahitaji mgeni mwenye kofia pale baa. Anahitaji kukaa chini, kunyamaza na kumwacha mzee amalize. Wachezaji wengi watashindwa mtihani huo kabla dadu haijarushwa.

Alama: 19. Moja tumeikata kwa sababu mnara ulianguka.

1. Asante

Shangazi ndiye aliyekiweka hapa, nami nilibisha. Kiungo gani hicho? Hakishikiki, hakiliki, hakiui. Akaniambia nikae.

Kisa ni cha kale. Wamara, mkuu wa Wachwezi, miungu wa simulizi zetu, alisafiri na wenzake hadi kuzimu kwa Mfalme Kintu. Ukilitazama kundi lile, mchezo wa 1974 haukuvumbua kitu: Irungu wa nyika na mawindo, Mugasha wa ziwa na dhoruba, Ryangombe wa ng'ombe, kila mtu na fani yake, wanashuka chini ya ardhi pamoja. Kintu akawapokea vizuri, akawapa mifugo na mbegu. Wakarudi juu, mali ikazaa, nchi ikashiba. Wakasahau kurudisha shukrani.

Kintu akangoja. Kisha akamtuma mjumbe kudai. Mjumbe aliitwa Rufu, yaani Kifo, na tangu alipopanda huku juu hajarudi kwao.

Sasa tumia sheria ya chungu. Toa ng'ombe, weka mbuzi: kisa kinasimama. Toa Mugasha: kinachechemea lakini kinafika. Rudisha hilo neno moja lililosahauliwa, na hakuna Rufu, hakuna msiba, hakuna kisa. Kiungo ambacho hakimo ndicho kilichobeba nyumba nzima.

Nilimgeukia shangazi nikataka kusema neno la kitaalamu. Akanitangulia: "Mwanangu, hata chumvi hujui ipo mpaka isiwepo."

Alama: 20. Dadu haikurushwa.

Basi, washiriki, hukumu yetu ni hiyo. Hatutahesabu mazimwi wala kurasa. Tutachomoa kiungo kimoja kimoja na kutazama kama paa linatikisika. Katika simulizi za Kihaya wasikilizaji humhimiza msimulizi aone ili nao waone, na mtafiti Peter Seitel alilichukua wazo hilo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu hadithi hizi. Nanyi oneni kwanza, kisha mwandike.

Ukimaliza, rudi kwa bibi au shangazi aliyekupa kisa, umpelekee hata mkungu mmoja wa ndizi. Rufu anaijua njia ya Buhembe.