Barua ya Wazi kwa Wenye Wakanda, Kutoka kwa Majirani Wao wa Turkana

Kwa Mheshimiwa Kevin Feige,
Rais wa Marvel Studios,
Burbank, California, Marekani.

KUH: NGUVU ZA NAMOR, JUA LA LODWAR NA RAMANI YENU

Mheshimiwa,

Ejok! Tunakusalimu kutoka Lodwar na Kakuma, kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Tumeona heri tukuandikie hadharani kwa kuwa, kwa mujibu wa ramani zenu wenyewe, sisi ni majirani zenu wa mpakani, na jirani hasemwi pembeni.

Katika filamu zenu Wakanda imechorwa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Turkana, pale Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini zinapokutana na Uganda ikichungulia kwa mbali. Hapo tunapajua. Ni Pembetatu ya Ilemi na kandokando yake. Serikali zimevutana juu ya kipande hicho tangu enzi za mkoloni. Ukachorwa mstari mwekundu, ukachorwa wa buluu, na mpaka leo wenyewe hawajaelewana. Nyinyi mmemaliza shauri lote kwa picha ya sekunde chache: mmekikabidhi kwa nchi ya nne. Hongereni. Umoja wa Afrika una mengi ya kujifunza kutoka Burbank.

Lakini hatukuandika kudai ardhi. Tumeandika kuhusu Black Panther: Wakanda Forever, filamu yenu ya Novemba 2022. Ilivyotufikia huku tusiulizane. Tuliitazama kwenye vibanda vya video, wengine kwa Kiingereza chake, wengine ikiwa imetiwa maneno na mtu wa maikrofoni kwa ule mtindo ambao DJ Afro aliufanya kuwa somo la taifa: picha za Marekani, masimulizi ya Kiswahili, na vichekesho ambavyo aliyeandika filamu hakuwahi kuviota. Ubishi ulianzia hapo na haujaisha. Kuna marafiki ambao hadi leo hawanunuliani chai.

Kibanda kina katiba yake, Mheshimiwa. Stelingi hafi. Stelingi akipigwa mwanzoni, atalipiza mwishoni. Na nguvu aliyopewa mtu kwenye filamu ya kwanza haibadiliki kwenye ya pili, ila kwa sababu ambayo hata aliyeingia amechelewa ataelezwa akaelewa. Kifungu cha kwanza tuliwasamehe. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alifariki Agosti 2020, na hata wabishi sugu walinyamaza mazishi ya T'Challa yalipoonyeshwa. Ni hicho kifungu cha mwisho kilichotufikisha kwenye kalamu.

Tuanze na Shuri, dada yake T'Challa. Katika filamu ya kwanza, ya 2018, adui Killmonger aliamuru bustani yote ya ule mmea wenye umbo la moyo, unaompa Black Panther nguvu, ichomwe, nasi tukaona moto kwa macho yetu. Filamu ya pili inapofunguka, Shuri yumo maabara anajaribu kuutengeneza upya amwokoe kaka yake, anashindwa. Baadaye anapata bangili iliyosokotwa kwa nyuzi za mmea wa Talokan, ufalme wa chini ya bahari, na safari hii anafaulu. Haya. Anakunywa, na punde si punde anapambana na Namor, mfalme wa Talokan, mtu aliyezaliwa 1571, mwenye mabawa miguuni na karne kadhaa za mazoezi. Mkuki unampenya tumboni, bado anashinda.

Kambi ya Lodwar inasema nguvu ni nguvu: ikishaingia kwenye damu, hata mtu wa kompyuta anakuwa simba. Kambi ya Kakuma inasema T'Challa alifunzwa vita tangu utotoni, na mmea ulizidisha tu alichokuwa nacho. Shuri aliyezoea maabara ulizidisha nini? Mzee mmoja aliyekuja kutafuta mwanawe kibandani ndiye aliyetoa hoja ambayo hakuna aliyeijibu. Alitukumbusha Lokerio, emuron (mwaguzi) mkuu wa Waturkana wa karne ya 19. Masimulizi yetu yanasema aliyapasua maji ya ziwa kwa fimbo yake, mashujaa wakavuka kwenda kuteka ngamia. Lokerio, alisema mzee, alikuwa na fimbo, alikuwa na ziwa, na alikuwa na sababu: ngamia. Shuri wenu anaruka kwa nini? Akamshika mwanawe mkono wakaenda zao.

Namor ndiye tatizo kubwa zaidi, na hapa, Mheshimiwa, tunaomba utafute kiti. Anaibuka majini ndani ya Wakanda, mbele ya Malkia Ramonda na Shuri, bila mlinzi yeyote kujua. Baadaye anarudi na jeshi lake na kuugharikisha mji. Kwa nchi yenye bahari tungekubali. Ila ramani ni yenu, na ramani inasema ziwa hili. Ziwa Turkana halina mlango wa kutokea. Maji yake mengi, kama asilimia 90, huletwa na mto Omo kutoka milima ya Ethiopia. Turkwel na Kerio huongeza kidogo. Kisha yote hubaki hapo hapo yakichomwa na jua hadi yanakuwa ya magadi. Hakuna tone linalofika baharini. Sasa watu wa Talokan, wanaotoka bahari ya upande wa Mexico, walipitia wapi? Kwa basi la Kitale?

Kuna kijana wetu anayesoma jiografia aliyejaribu kuwatetea. Alisema zamani ziwa hili lilijaa likafurikia upande wa kaskazini-magharibi na kuungana na maji ya Nile, hivyo kulikuwa na njia hadi bahari ya Mediterania. Ni kweli. Njia hiyo ilikauka miaka kama elfu tano iliyopita. Namor amezaliwa 1571. Amechelewa. Na hata angewahi, mngetuambia basi alivyopita kwenye mamba wa ziwa letu, ambao hawajali kama wewe ni mfalme.

Halafu mnatuambia udhaifu wake ni kukauka. Shuri anamtega ndani ya ndege yenye mitambo ya joto mpaka ngozi inamkauka na nguvu zinamwisha. Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mitambo ya nini? Lodwar kwa kawaida mchana hufika nyuzi 35 na kupanda, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, ikiamua kuja. Mngemshusha tu stendi ya Lodwar mwezi wa pili, saa nane mchana, akisubiri gari lijae. Filamu ingekwisha nusu saa mapema, na gharama za hiyo ndege mngetuletea sisi.

Mambo mengine tutayapitia upesi. Walinzi wenu wa mpakani katika filamu ya kwanza wanajifunika mablanketi ya Basotho, vazi la baridi kali ya Lesotho, wakiwa hapa karibu na Lokitaung. Kutotoka jasho ni nguvu kubwa kuliko zote mlizowapa, na hamkuieleza popote. M'Baku, chifu wa milimani, na watu wake wanaishi kwenye theluji. Tafadhali tuonyesheni mlima huo, tuna kiu. Majirani zetu hawa wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini na hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili cha kununulia sukari. Mavazi hatuna neno: Ruth Carter alichota kwa makabila mengi, Waturkana na Wadinka wakiwemo, akapata Oscar mwaka 2019 na nyingine 2023. Zote mbili alistahili.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako watu wamekuwa wakifika kutoka vitani tangu 1992, maswali yalikuwa ya aina nyingine. Kijana wa Kisomali aliuliza Namor alipewa kibali na nani, kwa sababu yeye mwenyewe akitaka kwenda Kitale lazima awe na karatasi ya ruhusa, na kwenye vizuizi vya barabarani wataisoma mbele na nyuma. Mama mmoja wa Kongo alitazama milima ya vibranium, akasema nchi yenye madini namna hiyo isingemaliza wiki bila waasi watatu na kampuni mbili. Hao ndio wachambuzi mliokosa kuwaajiri.

Lakini ukitaka kujua jambo ambalo halikupata mpinzani hata mmoja, Lodwar wala Kakuma, ni lile la msingi: kwamba nchi yenye utajiri wa ajabu chini ya ardhi inaweza kuonekana na dunia nzima kuwa maskini. Wakanda ilihitaji kuba la teknolojia kujificha. Sisi tumefaulu bila kifaa chochote. Machi 2012 yalitangazwa mafuta katika kisima cha Ngamia-1. Septemba 2013 yakatangazwa maji chini ya Lotikipi, tukaambiwa hazina hiyo mpya ingeitosha Kenya miaka 70. Mwaka 2018 malori yakaanza kusomba mafuta ghafi kutoka Lokichar, na Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama laki mbili, ikang'oa nanga Mombasa. Kabla ya hayo yote kulikuwa na bwawa la Turkwel, megawati 106 tangu 1991, umeme wake ukielekea kwingine huku Lodwar ikiwashiwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Maji ya Lotikipi nayo yalipopimwa vizuri yakakutwa na chumvi kupita kiasi. Unaona, Mheshimiwa? Filamu ya kwanza maji yana nguvu ya kuokoa taifa; filamu ya pili hayanyweki. Na walioandika hiyo si nyinyi, kwa hiyo hapo mko salama.

Sasa madai yetu. Avengers: Doomsday imepangwa kutoka Desemba 2026, na mmeshatangaza kwamba waigizaji wa Shuri, M'Baku na Namor wamo. Kabla ya siku hiyo tunataka moja kati ya mawili: ama muihamishe Wakanda iende penye bahari na baridi, ama mtuletee maandishi ya filamu tuyapitie, tuwaonyeshe mtu anakauka kwa dakika ngapi. Malipo tutakubaliana, sisi si watu wa tamaa.

Filamu ya kwanza mliizindua Kisumu, Februari 2018, kwa heshima ya Lupita Nyong'o. Ya pili mkaipeleka Lagos. Filamu ya tatu ya Black Panther izinduliwe Lodwar, nyumbani kwa jirani. Skrini tutafunga ukutani; Kakuma wamezoea kutazama hivyo tangu enzi za maonyesho ya filamu ya FilmAid. Njooni na mafuta ya jenereta.

Ni sisi majirani zenu,
Mashabiki wa Lodwar na Kakuma.