Chungu cha Pili juu ya Mawe ya Kwaremont

Gent, Ubelgiji
Ramadhani, Aprili 2022

Kwa mjomba wangu mwenye heshima, fundi wa mafundi, Chake Chake.

Nakuarifu kuwa mimi ni mzima wa afya, isipokuwa sauti yangu, ambayo imenikauka kooni tangu Jumapili na kuniacha nikinong'ona madukani kama mwizi aulizaye njia. Na kwa kuwa najua mama atakuwa ameshapata habari kutoka kwa mtu wa tatu kwamba nimeshikwa na maradhi ya kifua ya Ulaya, nakusihi umtulize moyo kabla hujaendelea kusoma, umwambie kuwa sauti ya mwanawe haikuchukuliwa na homa. Imechukuliwa na baiskeli.

Utakumbuka, mjomba, kwamba siku niliyokuaga ulinipa nasaha moja tu, nayo ni kuwa nisipande baiskeli katika nchi ya watu kabla sijaikagua breki. Nami nikacheka kimoyomoyo, nikidhani kuwa nakwenda kwenye nchi ya magari na treni, ambako baiskeli nitaiona katika jumba la makumbusho tu. Makumbusho hayo yapo kweli, katika mji wa Oudenaarde, lakini yamejengwa kwa heshima ya jambo lililo hai kuliko wengi wetu: mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Flanders, yaliyoanzishwa mwaka 1913 na mwandishi mmoja wa habari za michezo, Karel Van Wijnendaele, aliyekuwa akitafuta hila ya kuliuza gazeti lake. Hila ile imekuwa sikukuu. Jumapili ya mashindano hayo hapa mtu haulizwi kama atatazama, huulizwa atasimama kilima gani.

Mimi nilialikwa na mzee wa ghorofa ya chini, mstaafu mwenye masharubu na kikohozi, ambaye juma moja kabla alinisimamisha ngazini akaniambia kwa bashasha kwamba Jumapili atanipeleka nikaone wanaume wakipita kwa kasi juu ya vichwa vya watoto. Kiholanzi changu wakati ule kilikuwa bado kinachechemea, lakini maneno yale niliyaelewa yote, na ndiyo maana usiku ule sikulala. Kumbe, mjomba, vichwa vya watoto ni jina la mawe! Ni yale mawe ya mviringo yaliyotandazwa kwenye njia zao za mashamba tangu zamani, kila moja limeinuka kivyake, yenye utelezi mvua ikinyesha na vumbi jua likiwaka. Sisi kwetu tungelipeleka ujumbe kwa mheshimiwa mbunge kulalamika. Wao baadhi ya njia hizo wamezihifadhi kisheria pamoja na makanisa na majumba ya kale, ole wake atakayemwaga lami. Tena husimuliwa kwamba mkulima mmoja, kwa kuona wivu mashindano yakipita kwa wenziwe na hayapiti kwake, alitandaza mawe kwenye kilima kilicho mbele ya shamba lake, kilima cha mita 360 tu lakini kilichosimama kama ukuta, ili waandalizi watamani kuwatesea watu pale. Walitamani. Tangu mwaka 1986 kilima hicho cha Paterberg kimo katika njia, na mtu ameomba barabara mbovu akapewa.

Sasa kuhusu baiskeli zenyewe nitakuambia jambo ambalo usilirudie mbele ya wateja. Hazina kerea, hazina stendi, hazina kengele wala madigadi. Uzito wake unaoruhusiwa na kanuni hauwezi kupungua kilo 6.8, yaani wewe ungeining'iniza moja kwenye tawi la mwembe ukasahau kuwa ipo. Na nyingi siku hizi tairi zake hazina tyubu, ndani mna urojo mweupe ambao tundu likitoboka huliziba wenyewe, bila beseni la maji, bila solusheni, bila kiraka, bila wewe. Nilipoelezwa hayo niliwaza miaka ile niliyokaa chini ya mwembe wako, nikiizamisha tyubu ndani ya beseni na kungojea povu lianze kupanda, nikaona huzuni. Lakini mzee jirani alinifariji kwa kusema kuwa baadhi yao hupata pancha vile vile, na hapo nikarudisha imani.

Kabla sijafika Jumapili yenyewe sina budi kukuungamia udanganyifu. Tarehe 27 Machi, katika mashindano mengine ya huku yaitwayo Gent–Wevelgem, kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, umri wake miaka 21, aliwashinda Wazungu watatu katika mbio za mwisho, akawa Mwafrika wa kwanza kuyashinda mashindano hayo. Kesho yake nilipokwenda kununua mkate, muuzaji alinipa mkono. Mwenye duka la maua alinipa mkono. Mzee jirani alinikumbatia kwenye ngazi, machozi yakimlengalenga, akisema, "Hongereni! Hongereni!" Sasa wewe wajua, mjomba, kuwa kutoka Pemba hadi Asmara ni safari ya kuhesabiwa, na kwamba mimi baiskeli niliyoipanda kwa mara ya mwisho niliiangusha pamoja na gunia la karafuu, lakini mtu aliyekupa hongera kwa moyo safi utamrudishia vipi? Nilizipokea zote kwa niaba ya bara. Nilisema, "Tunashukuru, alijitahidi."

Udanganyifu huo ulinilipa Jumapili. Girmay mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi kwao kuwaona jamaa zake, kwa hivyo mashabiki waliokuja kwenye kilima cha Oude Kwaremont na hamu ya kumwona walinikuta mimi, nimesimama kwenye shamba la mtu tangu saa nne asubuhi, nimevaa makoti mawili, nami nimefunga, maana kwa hesabu ya msikiti wa huku siku ile ilikuwa chungu cha pili cha Ramadhani. "Biniam!" akaita mmoja, na mia wakamwitikia. Nikaletewa bia, nikakataa kwa adabu. Nikaletewa chipsi zilizomiminiwa mayonezi, chakula ambacho watu hawa hukila kwa ibada, nikakataa. Nikaletewa maji. Nilipoyakataa maji pia, mmoja wao, aliyejifunika bendera ya manjano yenye simba mweusi, aliwageukia wenzake akatangaza kwamba ndiyo maana wanashinda hawa, tazameni nidhamu. Kisha akaniuliza juu ya simba wa kwetu. Nikamwambia kweli, kwamba kisiwani kwetu simba hayupo na mnyama tunayejivunia ni popo. Akafikiri kitambo, akasema popo naye angependeza katika bendera.

Wakati wa Adhuhuri nilijitenga nyuma ya trekta, nikatandika koti moja nikasali. Na niliposujudu mara ya pili nikahisi mtu amepiga magoti kando yangu. Ni bwana mmoja mwema, mwekundu wa uso, aliyedhani nimedondosha kitu nyasini, akawa anapapasa anisaidie kutafuta. Nilipotoa salamu kulia nilimkuta uso kwa uso.

Nitakueleza sasa kile tulichokingojea saa zote zile kwenye baridi. Kwanza huja helikopta, na watu wote hutazama juu kama kuku waonao mwewe, kisha pikipiki, kisha magari yenye baiskeli kichwani, kisha kishindo kisichofanana na kitu, cha minyororo mia ikigonga vyuma kwa pamoja juu ya mawe. Kisha hao! Rangi, majasho, makalio, na upepo. Ukipiga chafya umekosa. Mmoja alinipita umbali wa dhiraa moja, kinywa wazi, kamasi zimekauka juu ya mdomo wa juu, mikono ikimtetemeka kwenye usukani kama ya mtu aliyeshika mashine ya kukobolea, na macho yake yalinitazama bila ya kuniona. Nilikuja pale, mjomba, nimejiandaa kuwacheka watu wanaongoja nusu ya mchana kwa ajili ya dakika moja. Na hiyo dakika ilipopita nikasikia mtu karibu yangu anapiga ukelele usio na haya, wa kupasua koo, nikageuka nimwone ni nani, na hapakuwa na mtu nyuma yangu.

Uzuri wa Kwaremont ni kuwa hupandwa mara tatu, hivyo mtazamaji hupewa nafasi ya kurekebisha adabu. Sikuirekebisha. Mara ya pili alipita Pogačar, yule Mslovenia aliyekwisha kuchukua Tour de France mara mbili, akiwapita wenziwe mmoja mmoja kama aliyechelewa harusini, na kwa kuwa timu yake ni ya Emirates mzee jirani alinipiga kikumbo cha pongezi akasema, "Na huyu wa kwenu pia!" Nilitaka kukana, kisha nikakumbuka binamu zangu walioko Dubai. Kwa Girmay nimekuwa ndugu. Kwa Pogačar nikakubali ushemeji.

Lakini mwenye shangwe kubwa kuliko wote hakuwa wa mbele. Alikuwa wa nyuma kabisa, amepinda usukanini, peke yake, nyuma yake limemwandama gari la ufagio lenye kazi ya kuwazoa waliochoka. Naye aliimbiwa, akapepewa bendera, akaahidiwa kiti, chipsi na mchumba, mpaka na yeye akacheka, mjomba, katikati ya mateso yale. Kisha akatupa chupa yake ya maji. Tuliikimbilia watu watatu, nikiwemo mimi, mtu mzima mwenye shahada. Aliyeipata ni bibi wa makamo, kwa matumizi ya kiwiko ambayo kwenye mpira yangemletea kadi. Lakini alipoambiwa kuwa sijatia kitu kinywani tangu alfajiri, alinitia chupa mikononi kwa huruma kubwa. Ilikuwa na kinywaji nusu. Nikakaa na kinywaji kile mpaka jioni, nimekipakata, mithili ya mlinzi wa benki asiye na akaunti.

Mwisho tuliutazama kwenye skrini kubwa. Walibaki wawili mbele, Pogačar na Mathieu van der Poel, na kilomita ya mwisho badala ya kukimbia wakaanza kuviziana, kila mmoja akimtaka mwenzake aanze, hata ukadhani ni yale mashindano ya skuli ambayo mshindi ni afikaye nyuma. Kwetu wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Huku nyasi zilikuja mbio kutoka nyuma, Dylan van Baarle na Valentin Madouas, zikamzingira fahali mmoja mstarini. Van der Poel akashinda. Pogačar akawa wa nne, akirusha mikono kwa ghaidhi kama abiria aliyeachwa na daladala.

Hapo ndipo palipoanza maombolezo, kwani kipenzi chao, Wout van Aert, alizuiwa na Korona hata kuanza, na aliyeshinda anaendeshea Uholanzi, na hapana mzaha mtamu kwa watu wa Flanders kama ule wa kuusema ubahili wa Waholanzi. Mmoja alisema hata kwa ushindi wametumia gurudumu la mbele tu, la nyuma wameliweka akiba. Lakini haukupita muda wakaanza kumrejesha nyumbani kwa nasaba: kwani hakuzaliwa Kapellen, hapa hapa Ubelgiji? Hakukulia hapa? Babaye, Adrie, siye aliyeyashinda mashindano haya haya mwaka 1986? Na babu mzaa mama, Raymond Poulidor wa Ufaransa, aliyepanda jukwaa la Tour mara nane bila ya kuivaa jezi ya manjano hata siku moja, siye aliyependwa kwa kushindwa kuliko wengine walivyopendwa kwa kushinda? Ikatolewa fatwa kuwa ni Mbelgiji aliyepotea kwenye makaratasi. Fauka ya hayo, upande wa wanawake siku hiyo hiyo alishinda Lotte Kopecky, bingwa wa Ubelgiji, ambaye hakuhitaji fatwa yoyote. Na majonzi yakaisha.

Treni ya kurudi Gent ilijaa kama boti ya mkesha wa Idi. Mzee jirani, kwa kuwa hawezi kuwa na siri, aliwatangazia abiria kwamba huyu bwana hajala wala kunywa, anangoja jua lizame. Na jua la huku siku hizi, mjomba, huzama saa mbili na robo usiku. Wakatoa simu zao. "Jua limetoroka peke yake," akasema mmoja kwa sauti ya mtangazaji, "lina dakika nne mbele ya Biniam." Wakaitikia: dakika tatu! Limeanza kuchoka! Dakika mbili! Mwenye bendera alisimama juu ya kiti. Nilishika tende kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, mikono ikinitetemeka kama ya yule bwana wa kwenye mawe, na dakika ya mwisho waliihesabu sekunde moja moja mpaka sifuri. Nikasema Bismillahi, nikatia tende kinywani, na behewa zima likapasuka kwa shangwe, watu wakikumbatiana. Kinywaji cha chupa ile kilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi ya watoto. Nilikimaliza.

Mkagua tiketi alikuja mbio kutoka behewa la pili akiuliza kumetokea nini. Mzee jirani alinionyesha kwa kidole, nami kinywa kimejaa chipsi zilizopoa.

"Ameshinda," akamwambia.

Chupa nimempa mtu ajaye huko wiki ijayo, naye akijaaliwa atakufikishia kabla ya Idi. Nimeiosha mara tatu. Usiikate chini kuifanya faneli. Itie gololi, na kifuniko chake kifunge vizuri, maana kinavuja kidogo upande mmoja, pale alipokuwa akiking'ata.

Mpwa wako mtiifu.