Kioo cha Dereva wa Usiku

Yupo kijana mmoja wa Mbagala, hana leseni wala baiskeli, ambaye kila alfajiri hupanda daladala kwa kupitia dirishani, na kila usiku, akiisha kula, hupakia shehena katika mchezo wa kompyuta wa Euro Truck Simulator 2 akaifikisha Calais salama salimini. Juzi alikwenda Kariakoo kutafuta kioo cha kompyuta. Muuzaji, kwa adabu zote, akamkunjulia sifa za kioo kilichopinda cha inchi 34, chenye kubadili picha mara 144 kwa sekunde, hali kompyuta ya bwana huyu, maskini, hutweta ikifika 40. "Bosi, kwa hiki kona yote unaiona, hata anayekujia ubavuni." Laiti angaliambiwa kwamba kioo cha inchi 27 kikisogezwa karibu na uso huweza kufungua barabara kwa upana kuliko kikubwa kilichowekwa mbali, angalibakiwa na fedha ya kununulia feni. Alikinunua, akakipakata katika daladala la kurudi, konda akamtoza nauli ya watu wawili, naye akalipa bila ya hoja, kisha Barabara nzima ya Kilwa akamlaumu dereva kwamba hatazami vioo vya pembeni.