Sumaku ya Shemeji

Shemeji yangu alikuja Jumapili akaanza uchunguzi. Sumaku hakuja nayo. Aliibandua kwenye friji yangu mwenyewe akipita kwenda uani, ile yenye umbo la nanasi. Akaiweka kwenye boneti ya Peugeot: ikang'ata. Akaiweka mlangoni: ikang'ata. Kisha akachuchumaa, akaibandika kwenye kizingiti cha kulia, lile bati refu linalopita chini ya milango, kazi ya mikono yangu, rangi bado inanukia. Nanasi likaanguka mchangani. Akaliokota, akalipuliza, akasogea mbele kidogo. Likaanguka tena. Mzee wa cherehani wa nyumba ya pili, aliyekuwa amekuja kusalimia tu, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "hili si gari. Hiki ni kifusi chenye namba."

Tangu hapo watoto wa mtaa wanapokezana nanasi.

Wanaocheka hawajawahi kuketi kwenye kigoda wakalitazama tone moja la maji juu ya bati tupu. Mimi nimelitazama. Tone lile ni betri. Pembeni mwake maji ni membamba, oksijeni inapenya kwa wingi. Katikati maji yana kina na oksijeni ni haba. Ungedhani chuma kitaliwa pale penye hewa. Wapi! Kinayeyuka katikati, penye uhaba. Elektroni zinasafiri ndani ya bati mpaka ukingoni, na ule wekundu wenyewe unajitokeza njiani, kando ya shimo. Kwa hiyo unaposugua wekundu kwa msasa ukafurahi, shimo liko pembeni linaendelea na kazi yake. Tia chumvi, maji yapitishe umeme vizuri zaidi, mambo yaende mbio. Nami nakaa Raskazone, hapa Tanga, ambako upepo wa kusi hukoleza chumvi mpaka kwenye vioo vya dirisha. Isitoshe, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba malengelenge kabla tundu halijaonekana. Haya huwa nawaeleza wageni. Wengine wameaga kabla ya chai.

Na gari lenyewe si la kubeza. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 ndugu yake wa milango miwili akashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Ila saluni ya 504 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na vizingiti, ambavyo ni maboksi ya bati yaliyo tupu ndani, ndivyo vinavyosaidia gari lisikunjike katikati.

Basi, kabla ya Jumapili ile ya sumaku, niliweka jeki chini ya kizingiti cha kulia, nikazungusha. Jeki ikapanda. Gari halikupanda. Nikachungulia kwa tochi tunduni nikakutana na ukurasa wa michezo: gazeti limekunjwa likashindiliwa, juu yake saruji, juu ya saruji puti, juu ya puti rangi safi iliyonitoa fedha.

Nikaazima mashine ya kuchomelea kwa fundi wa mageti. Bati la bodi lina unene wa kama milimita 0.8, na mashine ile imezoea nondo, haijui upole. Unagusa kijiti, cheche zinaruka, bati halipo. Tundu la kidole likawa la ngumi. Dawa yake ni kugusa na kuacha, nukta hapa, nukta kule, joto lisilundikane bati likajikunja. Mkono ulikuwa umeanza kukubali, ndipo kapeti la ndani liliposhika moto.

Mke wangu alitoka jikoni, akaona moshi, akanyakua beseni lililokuwa karibu akamwaga lote. Namshukuru sana. Ila beseni lile lilikuwa na papa mkavu, aliyelowekwa tangu usiku ili atoe chumvi. Na chumvi ilikuwa imetoka. Bati tupu, lililopigwa grenda likang'aa, bado lina joto, likaogeshwa brini kuanzia mlango wa mbele mpaka gurudumu la nyuma. Kulipokucha lote lilikuwa rangi ya chungwa.

"Ungesema ni gari la kukaanga," mwenzangu akasema, "ningeleta na mafuta."

Vipande vya papa tulivitoa kwa mikono chini ya viti. Kimoja hatukukiona. Paka wa mtaa mzima wanajua kilipo.

Mengine ni madogo. Puti iliyotiwa kigumisho kingi iliganda kibaoni, kwa joto letu hili, kabla ya kulifikia gari. Magome ya mkoko niliyochemsha, kwa kuwa tanini yake hugeuza kutu ikawa nyeusi na kutulia, yaligeuza na viganja vyangu, nikapeana navyo mikono harusini. Fyuzi ilikatika mpira ukiwa kwenye penalti, na luninga ya jirani iko laini moja na yetu.

Lakini lile gazeti sijalicheka mpaka leo. Aliyeniuzia gari alijua. Fundi aliyelishindilia alijua, akalipwa, akanawa mikono. Kiooni kuna stika ya usalama niliyoilipia, na aliyeibandika hakuinama hata mara moja kutazama chini. Watoto wangu wamekaa juu ya ukurasa ule wa michezo mpaka Korogwe na kurudi, katikati ya malori. Ukiuliza gerejini wanakujibu bila haya: kunyoosha bati nani atalipia? Piga puti, piga rangi, uza. Mzee anayeweza kukunja bati kwa nyundo na kigogo likarudi umbo lake bado yupo, ila siku hizi anatengeneza majiko ya mkaa, maana majiko yana wateja.

Puti yangu mimi ni tofauti. Ni ya muda, na nyuma yake fundi wa mageti amechomelea bati la kweli. Si kila mahali, lakini lipo, na siku nikipata bati jipya nitaitoa yote.

Kizingiti cha kushoto bado sijakigusa. Juzi nilikigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, kikalia kama karatasi. Nimemwomba mke wangu aifiche sumaku.