Safu ya Ushauri: Gitaa la Pili

Gitaa la pili la umeme ni gitaa linalonunuliwa na mtu ambaye tayari analo moja analolipenda, na ambaye hana maelezo ya kuridhisha kwa watu wa nyumbani. Kazi yake ni kufanya yale ambayo la kwanza haliwezi. Likifanya yaleyale kwa uzuri zaidi, hilo si la pili. Ni la kwanza lililochelewa, na lile la zamani litaishia uvunguni. Mfano wa mke mwenza, ambao mafundi wa mjini huukimbilia wakifika hapa, haufai: gitaa halina wakwe.

Si kila mpigaji hupatwa na shida hii. Kampala ndiko kulikokulia kadongo kamu, muziki unaomtosha mtu mmoja mwenye gitaa kavu na hadithi ndefu, na marehemu Paul Kafeero alipata jina kubwa kwa muziki huo. Moses Matovu, mmoja wa waanzilishi wa Afrigo Band mwaka 1975, aliimaliza shida yenyewe kwa kupiga saksafoni. Bendi za Kongo, TPOK Jazz ya Franco ikiwemo, ziliingiza gitaa la mi-solo katikati ya solo na rithimu, yaani badala ya mtu mmoja kununua magitaa mawili, aliajiriwa mwingine aje na lake. Njia hiyo ingekuwa nafuu kuliko zote, ila anayeajiriwa hula.

Wanaobaki na shida ni wapigaji wa makanisani na wa bendi za mahotelini. Muulizaji wa safari hii ni mmoja wao: anapiga katika kanisa moja la Ntinda, ana Stratocaster anayoipenda, na anataka la pili. Kurasa nyingine za barua yake zinahusu hisia, hazikuonekana za lazima.

Kabla ya jibu, sharti sifa za anayejibu zijulikane. Leo Fender, Mmarekani aliyeleta Stratocaster mwaka 1954, hakujua kupiga gitaa. Mshauri wa safu hii naye hajui. Vigogo wawili wa fani hii kwa hiyo wako daraja moja, isipokuwa Fender alikuwa na udhaifu wa kuwauliza wapigaji kabla ya kuamua, udhaifu ambao Mshauri hajawahi kuwa nao.

Sauti ya gitaa la umeme huanzia kwenye pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku huyumba, na mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya. Stratocaster ya kawaida ina pikapu tatu za koili moja moja. Sauti yake ni kali na safi, ina meno, ndiyo maana hupenya hata penye magitaa matatu na safu ya matarumbeta. Lakini koili haichagui. Hunasa pia umeme wa ukutani, taa za mirija na transfoma ya amplifaya, na kwa kuwa umeme wa Uganda huenda mizunguko 50 kwa sekunde, spika hutoa mvumo mzito usiokoma. Mvumo huo hausikiki kwaya ikiimba. Husikika pale watu wanapoambiwa wafumbe macho.

Mpigaji mzoefu hujua kwamba akigeuka kidogo mvumo hupungua, maana unaoingia kwenye koili hutegemea koili imeelekea wapi. Muulizaji aligeuka taratibu, hatua kwa hatua, mpaka akapata pembe iliyo kimya kabisa. Pembe hiyo inamfanya ampe mchungaji mgongo kila Jumapili. Nakala ya barua ya wazee wa kanisa imeambatanishwa, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha muulizaji.

Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alilipatia jambo hili ufumbuzi mwaka 1955. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, moja sumaku yake imepinduliwa na waya wake unakwenda kinyume. Mvumo huingia kote kuwili na kujifuta wenyewe. Sauti ya nyuzi hujumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka, iliyoanza kuwekwa kwenye Les Paul, gitaa la kampuni hiyo, mwaka 1957. Sauti yake ni nene na ina nguvu zaidi, ingawa ule ukali wa juu hupungua, na katika rumba yenye magitaa mengi yaweza kuzama. Mshauri alilifikia wazo hilohilo akiwa peke yake, muda mfupi baada ya kulisoma.

Ieleweke pia kwamba Stratocaster nyingi za sasa zina swichi ya nafasi tano, na pikapu ya katikati imezungushwa kinyume na wenzake. Swichi ikiwekwa kwenye nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili hufanya kazi pamoja na mvumo hufutika kama ulivyofutwa na Lover. Jambo hili lingemwokolea muulizaji fedha zote, kwa hiyo limetajwa kwa kupita.

Baada ya sikio huja mkono. Sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa milimita 648 kwenye magitaa mengi ya Fender, na takriban 628 kwenye ya Gibson. Uzi mfupi hauhitaji kukazwa sana ili ufikie noti ileile, hivyo huvutika kwa urahisi. Ndiyo maana Fender kwa kawaida hutoka kiwandani na nyuzi zinazoanzia unene wa inchi 0.009 na Gibson 0.010. Anayebadilisha gitaa katikati ya ibada atauvuta uzi kupita noti aliyoikusudia. Apande saizi moja ya nyuzi kwenye gitaa fupi, au abadilishe wakati wa sadaka, ambapo kila mtu anatazama mfuko wake. Tiba ya Mshauri ina nguvu zaidi: kulala mwezi mzima na gitaa fupi upande wa kushoto na refu upande wa kulia, mikono izoee. Mwenye mke amwandalie chumba cha wageni.

Kichwa cha gitaa kinahitaji maelezo marefu, kwa sababu ya boda boda. Kichwa cha Les Paul kimelalia nyuma, kwa kawaida digrii 17. Shingo ni ya mahogani, na pale inapokutana na kichwa, ukataji wa mbao umekatisha nyuzinyuzi zake. Tena imetobolewa papo hapo kupisha chuma cha kunyooshea shingo. Likianguka chali, huvunjikia hapo. Kichwa cha Stratocaster hakikulalia nyuma, mbao yake ni ngumu, na shingo hufungwa kwa skrubu ili fundi aweze kuibadilisha bila gundi. Kutoka Ntinda hadi mjini gitaa husafiri mgongoni mwa abiria, kichwa kikichungulia juu ya mabega. Likitokea tawi la mwembe, dereva huinama, abiria huinama, gitaa haliinami.

Mshauri ndiye mtu wa kwanza katika Afrika Mashariki kupendekeza gitaa livalishwe helmeti. Ndiye pia aliyebuni kiti cha gitaa cha kufungwa mbele ya dereva. Dereva aliyekijaribu hakuiona barabara tangu Bukoto, ila alisifu sauti. Wivu wa watengenezaji wa makasha magumu ndio uliozuia ubunifu huo kuenea. Shingo ikivunjika si msiba: gundi ya kawaida ya mbao, ikibanwa vizuri usiku kucha, hushika kuliko mbao ya pembeni yake. Bei ya kuuza ndiyo haiungiki.

Kuhusu rangi: nyekundu.

Kuhusu gharama, kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18, na jina la kichwani hulipiwa kuliko mbao. Squier ni ya Fender na Epiphone ni ya Gibson, kwa hiyo umbo na mpangilio ni uleule kwa fedha kidogo. Shemeji wa Marekani akijitolea kuleta na amplifaya, aulizwe kwanza volti. Ya kule ni ya volti 120, ukutani Kampala kuna 240, na amplifaya hiyo ikichomekwa bila transfoma ya kushusha itapiga noti moja tu maishani mwake.

Ilikuwa imekusudiwa kueleza hapa Jaribio la Mshauri, ambalo mpigaji humwazima kijana wa kwaya gitaa lake pendwa kwa Jumapili moja, kisha hukaa viti vya nyuma akiandika kila sauti inayokosekana. Lakini tangazo la magodoro limeongezwa ukubwa, na lile lililipiwa.

Muulizaji anunue lenye hambaka mbili. Epiphone Les Paul inafaa. Kilo zake nne na ushei zikimchosha bega, achukue Epiphone SG iliyo nyepesi, nayo isiende kwa boda bila kasha gumu. Akitaka kubakiza kidogo cha ile sauti kali, Yamaha Pacifica 112 ina hambaka moja karibu na daraja na pikapu mbili za koili moja moja, na bei yake ni ya kibinadamu. Stratocaster isiuzwe. Wazee wa kanisa wajibiwe kwa maandishi. Msomaji wa Makindye aliyeuliza kuhusu tarumbeta la pili: hapana.