Mhadhara Rasmi Kuhusu Ol Doinyo Lengai, Mlima Usiofuata Taratibu

Katika elimu ya milima, ambayo kwa muda mrefu imeachwa mikononi mwa watu wapandao bila kufikiri na wanajiolojia wafikirio bila kumshauri mtu, hakuna kilele kilichowadhalilisha wasomi kama Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo kusini mwa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro, ndani ya tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mtaalamu anayewasilisha mhadhara huu, aliyeupata ubingwa wake kwa kujiteua baada ya kumkosa mwingine mwenye sifa za kumteua, ameona ni haki kuupa mlima huo nafasi ya mwisho ya kueleweka.

Kimo chake ni takriban mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, tarakimu ambayo mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro huipokea kwa dharau, mpaka akumbushwe kwamba uwanda wa Natron uko kwenye mita 600 na kitu, hivyo mlima huinuka zaidi ya mita 2,000 kwa mteremko mkali usio na kivuli. Kwa sababu ya joto la bondeni, wapandaji huanza safari usiku wa manane ili wafike juu kunapopambazuka na kushuka kabla jua halijawakaanga. Mtaalamu, kwa upande wake, ameuchunguza mlima kwa njia iliyo bora zaidi, yaani akiwa ameketi chini yake, kwa kuwa ni jambo lililo wazi kwamba aliyesimama juu ya mlima ndiye mtu pekee asiyeweza kuuona.

Kosa kuu la Lengai ni la kikemia. Lava, yaani miamba iliyoyeyuka ikatoka nje ya ardhi (ingali chini huitwa magma), kwa kawaida ina silika nyingi, ile iliyomo katika mchanga na kioo, na aina zake za moto zaidi hutoka zikiwa na joto linalopita nyuzi 1,100 za Selsiasi, zikiwaka wekundu unaowaridhisha wapiga picha. Lava ya Lengai karibu haina silika. Imejaa kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, hutoka ikiwa na nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, na mchana haiwaki bali huteleza nyeusi na nyepesi, kiasi kwamba mgeni huidhania matope mpaka giza liingie na wekundu wake hafifu uonekane. Ikishapoa huanza kunywa unyevu wa hewa, na katika muda wa saa au siku chache weusi ule hupauka, hugeuka kijivu, kisha huwa mweupe na kumeguka vidoleni. Kwa lugha ya jikoni, ambayo mtaalamu anaitumia kwa shingo upande, mlima huu hutapika kitu cha ukoo mmoja na magadi ambayo mama lishe hutia katika makande ili mahindi yalainike upesi. Hakuna volkano nyingine duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hii katika zama zetu. Wengine huliita hilo ajabu, mtaalamu huliita utovu wa nidhamu.

Aliyelieleza jambo hili ni mwanajiolojia Barry Dawson, ambaye aliikuta lava hiyo kasokoni, yaani ndani ya shimo la mdomo wa volkano, mwaka 1960 na kuchapisha taarifa mwaka 1962; dosari yake pekee ni kwamba alikwenda kuangalia kabla ya kuwa na maoni. Madini mawili makuu ya lava hiyo huitwa gregoryiti, kwa heshima ya J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa, na nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Hakuna madini yaliyopewa jina la mtaalamu, na hili linatajwa kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Kuanzia mwaka 1983 mlima ulitulia kidogo, ukaijaza lava kasoko yake ya kaskazini taratibu hadi ikafurika mwaka 1998, na wachora ramani wakaanza kuuzoea. Mwaka 2007, baada ya matetemeko ya Julai yaliyosikika hadi Nairobi, ulilipuka kwa majivu, ukaifuta sakafu yote iliyokuwa imejengeka na kuacha shimo refu, bila taarifa yoyote ya maandishi.

Majivu ya Lengai, kama yale ya volkano nyingine zilizoitangulia katika eneo hilo, yamepeperushwa na upepo wa mashariki hadi nyanda za kusini mwa Serengeti, ambako chumvi zake hushuka na kuganda kuwa tabaka gumu lisilopitika kwa mizizi ya miti. Ndiyo maana pale huota nyasi fupi zenye madini mengi, na nyumbu, ambao hawajahudhuria mhadhara hata mmoja, huzifuata kila mwaka wakati wa kuzaa. Karibu na kijiji cha Ngare Sero, kwenye tope la majivu lililogeuka mwamba, zimo nyayo za binadamu zaidi ya 400 zenye umri wa maelfu ya miaka, na baadhi ya wenye nyayo hizo inaonekana walikuwa wakikimbia, uamuzi ambao mtaalamu anauunga mkono kikamilifu.

Wamaasai, ambao huuita Mlima wa Mungu na huuendea kwa maombi ya mvua na watoto, hawakuomba idhini ya mtaalamu, naye ameamua kuwasamehe. Maswali yatapokelewa kwa maandishi, isipokuwa yale yanayohusu namna ya kufika kileleni, ambayo yaelekezwe kwa vijana wa Ngare Sero wanaopandisha wageni usiku.